Nimetolewa magego ya mwisho ya chini pande zote mbili, nile nini na ninywe nini?

kalamu_nyeusi

Wakuu habari zenu. Leo asubuhi nimetolewa yale magego ya mwisho, ya chini yote mawili. La kushoto lilitoka kirahisi ila la kulia lilikuwa limelala kwa ubavu kwa hiyo wakapasua fizi, wakalikata vipande ndo wakalitoa, halafu wakanishona nyuzi. Sahivi pamba nimeshaitoa, damu imepungua, ganzi ndo inaanza kuachia na njaa inauma kuliko kidonda chenyewe.

Karatasi niliyopewa imeandikwa kula vyakula laini na epuka vya moto, basi, imeishia hapo. Sasa laini ni laini kiasi gani maana mi hata wali naona ni laini, na moto ni moto kiasi gani, na je kahawa, maana mi bila kahawa asubuhi sio mtu, na nikinywa kwa mrija si ndo itakuwa nafuu zaidi maana mdomo haufunguki vizuri? Kuna jirani kaniambia nisiguse maziwa kabisa eti yanatunga usaha kwenye kidonda. Nina antibayotiki na ibuprofeni na zote nimeambiwa nimeze baada ya kula, sasa nile nini hicho nipate kumeza dawa? Msaada jamani, aliyepitia hii kitu aniambie ukweli.

mzaha_tu

Aiskrimu mkuu. Hii ndo nafasi pekee maishani mtu mzima anakula aiskrimu asubuhi mchana jioni na hakuna wa kumuuliza.

dada_mkubwa77

Pole sana mdogo wangu. Kwanza kabisa usitafune kitu mpaka ganzi iishe yote, sio ianze kuisha, IISHE. Mtu mwenye ganzi anajing'ata shavu au mdomo wa chini hajui, inakuja kuisha ndo anagundua ana kidonda kingine ambacho hata sio cha daktari. Na kitu cha moto pia hutasikia kama kinakuunguza. Inachukua masaa kadhaa kwa hiyo vumilia, kunywa maji ya kawaida taratibu kwanza uone tumbo linapokeaje.

Ikishaisha, leo kula vitu ambavyo havihitaji meno kabisa. Mtindi, ndizi mbivu umeiponda kwa uma mpaka imelainika, parachichi, supu umeichuja na imepoa. Ukichovya kidole ukasikia joto ujue bado haijapoa. Hapo tayari una chakula cha kumezea dawa, wala hauhitaji sahani nzima, bakuli dogo la mtindi linatosha kulinda tumbo na ile ibuprofeni. Na imeze kwa wakati wake, usisubiri maumivu yapande kwanza kwa sababu yakishapanda kuyashusha ni kazi.

Kesho ongeza viazi vya kuponda, vilainishe kwa maziwa mpaka viteleze, mayai ya kuvuruga ukiyatoa jikoni mapema kabla hayajakauka, uji mwepesi usio na mabonge. Baada ya hapo mwili wenyewe utakwambia. Samaki wa kuchemsha umemtoa miiba na kumchambua anaingia vizuri, maharage yaliyoiva sana umeyaponda nayo yanaingia, tambi laini umezikatakata zinaingia.

Maziwa kunywa. Hayatungi usaha. Usaha unaletwa na bakteria, haujali ulikunywa nini.

Mrija USITUMIE. Wengine watakueleza kwa nini, mi naenda kupika.

ngumu_kumeza

Mnatisha watu bure. Mi nilitolewa jino, kesho yake nakula wali na nyama kama kawaida na mpaka leo mzima. Hizi habari za uji ni za watoto.

fundi_meno

@ngumu_kumeza lilikuwa la juu au la chini? Lilipasuliwa fizi au lilivutwa tu? Maana hayo ni mambo mawili tofauti. Matundu ya chini ndo yanasumbua zaidi, chakula kinaingia na kukaa humo, na hata ile shida ya mfupa kubaki wazi inatokea zaidi chini kuliko juu, hasa pale jino lilipotoka kwa kukatwakatwa.

@kalamu_nyeusi mi ni msaidizi kwenye kliniki ya meno, sio daktari, lakini haya maelezo nayarudia kwa wagonjwa kila siku mpaka nayaota. Ukielewa kinachoendelea kwenye lile tundu utajua mwenyewe kila chakula ukikubali au ukikatae, hutahitaji kuuliza mtu.

Jino likishatoka tundu linajaa damu, damu inaganda. Lile bonge la damu ndo kifuniko cha kidonda, limefunika mfupa na mishipa ya fahamu, na nyama mpya inaota kupitia humo humo. Likichomoka au likiyeyuka mapema mfupa unabaki wazi, hiyo ndo wanaita drai soketi. Mara nyingi inaanza siku ya 2 hadi ya 4, mtu alikuwa anaendelea vizuri ghafla maumivu yanarudi makali, yanapanda mpaka sikioni, mdomo unanuka, dawa haishiki. Kwa hiyo karibu kila katazo unalopewa sasa hivi linahusu kulinda hilo bonge.

Mrija: unapofyonza unatengeneza mvuto ndani ya mdomo, mvuto huo huo unaweza kulichomoa. Sio suala la kinywaji gani, hata maji kwa mrija hapana. Kunywa kwa kikombe, na mdomo kama haufunguki tumia kijiko kidogo cha chai. Kaa bila mrija wiki nzima. Kutema kwa nguvu ni vilevile, ukitaka kutoa mate inamia sinki uache yadondoke yenyewe. Sigara ina yote mawili, unafyonza halafu moshi wenyewe unachelewesha kidonda. Kama unavuta acha angalau siku 3, na ukiweza zaidi ya hapo ndo vizuri.

Joto: vitu vya moto vinaamsha damu upya na vinaweza kulainisha bonge. Masaa 24 ya kwanza kila kitu kiwe cha baridi au cha uvuguvugu wa mbali. Kahawa yako kwa hiyo kesho, ikiwa imepoa, kwa kikombe. Najua kahawa iliyopoa ni adhabu lakini ndo hivyo. Soda na vinywaji vyote vya mapovu viache siku chache. Pombe usiguse leo wala kesho, na kama kwenye antibayotiki zako kuna metronidazoli basi usinywe mpaka umalize dozi na zipite siku 2 au 3 juu yake, ile dawa na pombe vinaweza kukutapisha vibaya, na kutapika na mdomo wenye nyuzi sikuombei.

Chembe: wali, ufuta, karanga, bisi, krispi, mkate wenye ganda gumu, matunda yenye vimbegu vidogo. Hivi havina shida ya ugumu tu, shida yake ni kwamba vinadumbukia kwenye tundu halafu wewe unaanza kuvichokoa kwa ulimi au kijiti na hapo ndo unaharibu kila kitu. Wali wako kwa hiyo ni laini ndio, lakini punje inaingia kwenye tundu kama imepimwa. Subiri wiki, na ukianza upike uwe wa kushikana.

Vikali na vichachu, yaani pilipili, ndimu, siki, machungwa, havina hatari kubwa ila vinachoma kidonda.

mzaha_tu

Kwa hiyo aiskrimu sijakosea

fundi_meno

Hujakosea ila iwe tupu, bila karanga, bila vipande vya biskuti, bila ile koni yake. Na kwa kijiko, kulamba hapana.

Binti_Mwanga

Naongezea kwenye hiyo ya aiskrimu. Baridi inasaidia uvimbe kidogo na inatuliza, lakini watu wengi wanakaa siku 3 wanakula sukari tupu halafu wanashangaa kwa nini wamelegea, kichwa kinauma, wanatetemeka. Kidonda kinahitaji protini kujijenga. Yai moja kubwa lina kama gramu 6, glasi ya maziwa ya mililita 250 ina kama gramu 8, kwa hiyo ukinywa glasi mbili za maziwa kwa siku na ukala mayai mawili ya kuvuruga tayari una karibu gramu 28 na hujatafuna kitu. Weka na mtindi na supu ya maharage yaliyosagwa unakuwa umefika mbali.

Nyama kama unaitamani sana, ichemshe mpaka ilainike kabisa halafu isage kwenye blenda na mchuzi wake. Haipendezi kuangalia, nakuambia mapema, funga macho ule. Ladha ipo.

Smuthi pia nzuri sana, ndizi na maziwa na mtindi na kijiko cha siagi ya karanga ile laini isiyo na vipande, ila kwa kijiko jamani, sijui kwa nini kila mtu akisikia smuthi anatafuta mrija.

Na kula kidogo kidogo mara nyingi. Mdomo unachoka haraka, ukilazimisha sahani kubwa utaacha nusu, heri ule mara 5 au 6.

kalamu_nyeusi

Asanteni sana, yaani hapa nimepata zaidi ya nilichopewa kule. Ganzi imeisha na nimekula mtindi na ndizi ya kuponda, dawa nimemeza, nimekuwa mtu tena. Naomba niulize mengine. Mate yanatoka na rangi ya damu bado, mekundu hafifu, ni kawaida? Na mdomo nasafishaje kama kutema hairuhusiwi, maana nahisi mtindi umebaki huko nyuma na unanikera. Antibayotiki yangu ni amoksisilini kama inasaidia, kuna mtu kaniambia haziendani na maziwa.

fundi_meno

Mate mekundu hafifu siku ya kwanza hata ya pili kawaida. Tone moja la damu linapaka rangi mate mengi, ndo maana inaonekana nyingi. Kisicho kawaida ni damu inayojaa mdomoni tena na tena. Ikitokea hivyo kunja pamba safi iliyolowa kidogo, iweke juu ya tundu, ng'ata kwa nguvu dakika 30 bila kuchungulia. Kuchungulia kila dakika 2 ndo kosa la wote. Kama huna pamba, pakiti ya majani ya chai nyeusi iliyolowekwa, ikapoa na kukamuliwa inafanya kazi hiyo hiyo. Ukimaliza hiyo na bado inatiririka, piga simu waliokutoa jino, usisubiri asubuhi.

Amoksisilini na maziwa hazigombani, kunywa. Zinazogombana na maziwa ni kama doksisaiklini na siprofloksasini, hizo kalisiamu ya maziwa inazishika tumboni dawa haiingii mwilini vizuri. Sio yako.

Kusafisha: leo usisukutue kabisa. Mtindi uliobaki kunywa maji tu mafunda madogo uumeze, utashuka. Meno ya mbele piga mswaki taratibu, usikaribie kidonda. Kuanzia kesho, masaa 24 yakishapita, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, jaza mdomo, pindisha kichwa kulia, pindisha kushoto, acha yadondoke. Usifanye lile gulugulu la kusukutua kwa nguvu. Fanya hivyo kila ukimaliza kula na kabla ya kulala kwa wiki moja. Baadaye kliniki wanaweza kukupa bomba la sindano lenye mdomo uliopinda, lisilo na sindano, la kuoshea matundu ya chini, lakini hilo wasikilize wao wakuambie uanze lini, wengine wanawahi kulitumia wanaondoa kile kile tulichokuwa tunalinda.

mlezi_wa_baba

Naomba niulize hapa hapa maana inafanana, baba yangu ana kisukari anatumia insulini na wiki ijayo anatolewa gego la mwisho, sasa hivi vyakula mnavyotaja naona ni vya sukari vingi, ndizi, aiskrimu, viazi, na nikisema ale kidogo naogopa itashuka. Ana umri pia, hata kula kwenyewe ni mvivu.

Binti_Mwanga

Kabla ya siku yenyewe ongea na daktari wake wa kisukari na wa meno, wote wawili, waambie kabisa kwamba atakula kidogo kwa siku kadhaa, wao ndo wanapanga insulini iweje. Usipunguze wala kuacha kwa kukadiria nyumbani. Na omba apangiwe asubuhi mapema ili akirudi ana siku nzima ya kula na kupima.

Chakula egemea kwenye mayai, mtindi usiotiwa sukari, parachichi, samaki wa kusaga, supu ya maharage au dengu iliyosagwa. Viazi kidogo sio sahani. Pima sukari mara nyingi kuliko kawaida. Na juisi kidogo iwepo karibu kwa ajili ya ikishuka, ikishuka hapo hakuna cha kusema ni tamu, anywe, kwa kikombe. Sukari ikikaa juu kidonda kinachelewa kupona kwa hiyo na upande huo usilegeze.

Na kuhusu dawa za maumivu uliza kwanza, kama figo zake zina shida ibuprofeni inaweza isimfae.

mlezi_wa_baba

Asante dada, hiyo ya kupangiwa asubuhi sikuwahi kuiwaza.

ngumu_kumeza

@fundi_meno lilikuwa la juu. Na lilivutwa tu. Sawa.

dada_mkubwa77

😂😂 Haya tumesikia.

Kalamu, kitu kingine. Uvimbe utazidi kabla haujapungua, mara nyingi unafika kilele siku ya 2 hadi ya 3, usishtuke ukaona shavu kubwa kuliko leo ukadhani ni kile ulichokula. Leo na kesho weka barafu kwa nje imefungwa kwenye kitambaa, dakika 20 weka, dakika 20 toa. Lala kichwa kikiwa juu ya mito miwili. Taya litakaza pia, kijiko kikubwa hakitaingia, ndo maana nasema tafuta kijiko cha mtoto mapema kabisa.

Na maji. Watu wanasahau maji kwa sababu kumeza kunauma, halafu mdomo unakauka, unaanza kunuka, wanadhani kidonda kimeoza. Weka glasi karibu na kitanda upige funda kila ukikumbuka.

kalamu_nyeusi

Nimerudi, leo ni siku ya tatu. Uvimbe ulipanda kama dada alivyosema, nilikuwa naonekana nimeficha chungwa shavuni, sahivi unashuka. Kahawa iliyopoa nimekunywa na sitaki kuizungumzia. Nimeshachoka mtindi kiasi kwamba nikiona kopo nageuka pembeni, kwa hiyo leo nimefanya mayai ya kuvuruga na viazi vya kuponda nikaviweka pamoja na siagi, nimekula mpaka nikasikia aibu.

Lakini nimeangalia kwenye kioo na tochi, kule kulia kuna kitu cheupe kama njano hivi ndani ya tundu. Ni usaha? Ni chakula? Nikitoe? Maumivu yapo ila yanapungua, sio makali.

fundi_meno

USIKITOE. Weka kijiti chini.

Ule weupe mara nyingi ni utando wa kupona, mwili unautengeneza juu ya lile bonge la damu, kila mtu anayeuona anadhani ni usaha. Kama maumivu yanapungua siku hadi siku basi uko njiani. Kama ni chakula maji ya chumvi yatakitoa, na kisipotoka leo kitatoka kesho, hakina haraka.

Cha kukupeleka kliniki ni maumivu kugeuka na kupanda badala ya kushuka, hasa yakienda sikioni, au ladha mbaya na harufu isiyoisha hata ukisukutua, homa, uvimbe kuanza kuongezeka tena baada ya kupungua, usaha unaotiririka kweli, au mdomo wa chini na ulimi kubaki na ganzi mpaka leo. Ukishindwa kumeza au kupumua vizuri hiyo sio ya kusubiri kliniki ifungue, nenda hospitali muda huo huo. Drai soketi yenyewe wanaitibu, wanaosha tundu wanaweka dawa ndani, maumivu yanapungua haraka, kwa hiyo hakuna sababu ya kujikaza nyumbani.

kalamu_nyeusi

Ganzi haipo, homa hamna, harufu kidogo tu asubuhi inaisha na chumvi. Basi niko sawa. Kutafuna naanza lini sasa, na kwa upande gani maana pande zote zina tundu?

dada_mkubwa77

Tumia meno ya mbele na ya katikati, kata vipande vidogo sana, utafune kama sungura. Anza na tambi, samaki, mkate laini umeuchovya kwenye supu. Ukiona hakuna maumivu siku inayofuata panda ngazi kidogo. Vyakula vingi utarudia kawaida ndani ya wiki moja hadi mbili ila vitu vya kuvunja vunja na vya chembe vipe muda zaidi, fizi zenyewe zinachukua wiki kadhaa kuziba tundu na mfupa chini yake ni miezi.

kalamu_nyeusi

Poa. Na bisi? Kuna mechi jumamosi.

fundi_meno

Hapana.

mzaha_tu

Aiskrimu.